Siku Niliyomkatia Cucu Kiande

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, kwa sababu najua hii habari imeshazunguka kutoka Wang'uru hadi Nyeri na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake: ni kweli, ni mimi, ni hii mikono yangu miwili iliyokaribia kuharibu ngurario, harusi ya kimila, ya ndugu yangu Kariuki mbele ya ukoo mzima wa bibi harusi, na sikuwa nimelewa (wangesema nimelewa ningeshukuru, mlevi husamehewa), nilikuwa nimekunywa soda moja tu na hata hiyo sikuimaliza. Mpaka leo nikikutana na mtu wa Mwea barabarani navuka upande wa pili.

Mimi ni mwalimu huku Naro Moru, shule ya wasichana, asubuhi nafundisha hesabu na jioni nafundisha softiboli, mchezo ambao wazazi wengi wakiuona mara ya kwanza, binti yao ameshika gongo, wanafikiri tunafundisha kufukuza wezi. Ndani ya huo mchezo kuna mrushaji. Mrushaji anazungusha mkono mzima, duara kamili, kutoka chini unapanda mbele, unapita juu ya kichwa, unashuka nyuma, halafu anaachilia mpira pale karibu na paja, na kama anajua kazi yake mpira unapita kabla hujakumbuka kupepesa macho. Mrushaji wangu anaitwa Muthoni, yuko kidato cha tatu, na mwaka jana alianza kulia na bega. Mimi, kocha hodari, nikamwambia apake mafuta ya kuchua. Akapaka wiki tatu, darasa zima likanuka mafuta ya kuchua, bega likakataa kupona.

Ikabidi nimpeleke kwa mama mmoja wa Nyeri mjini, daktari wa viungo, mama mpole lakini anakuangalia kama umechelewa shule, akamwekea Muthoni vidole viwili mgongoni, akamwambia azungushe mkono polepole, kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, shida si bega. Shida ni kombe." Kombe la bega, ule mfupa mpana wa nyuma, wa pembe tatu, ule unaojitokeza ukijikuna. Akanieleza kwamba mkono ukipanda juu, kombe nalo linatakiwa liteleze juu ya mbavu na kujiinua, na mkono ukishuka kwa nguvu, kombe linatakiwa likae imara lishikilie mzigo, la sivyo kile kiungo kidogo cha mbele kinabeba kila kitu peke yake, na ndiyo maana msichana analia. Akatupa mazoezi ya kusukuma ukuta na kuvuta mpira wa tairi, na baada ya miezi miwili Muthoni alikuwa anarusha kuliko zamani.

Sasa hapo ndipo nilipoharibika. Mtu kama mimi akijua kitu kimoja hatulii. Nilimweleza kinyozi habari ya kombe, akaninyoa vibaya. Nilimweleza naibu wa mwalimu mkuu, nilimweleza mama anayeuza mandazi, nilimweleza kiongozi wa kwaya kanisani kwamba hapungi mikono vizuri kwa sababu kombe lake limelala, na huyo hanisalimii mpaka sasa. Wasichana wakanibandika jina, Mwalimu Kombe, na mimi badala ya kukasirika nikafurahi (fikirieni mtu mzima!).

Basi ikafika ngurario ya Kariuki. Kwa wasiojua, kwetu unaweza kupeleka mbuzi na blanketi mpaka uchoke, lakini ndoa haijakubalika mpaka siku hiyo bwana harusi apewe kisu mbele ya watu, akate kiande, yaani mkono wa mbele wa mbuzi aliyechomwa, pale begani, amlishe bibi harusi kipande, vigelegele vilie. Akishamlisha, amemwoa. Asipomlisha, ni rafiki yake tu, hata wawe na picha mia kwa simu. Na Kariuki alikuwa ameshangojeshwa mara mbili, kwanza watu wa Wambui, bibi harusi wake, walikuwa katikati ya mavuno ya mpunga, halafu wakawa na msiba, na sasa Wambui mwenyewe (yeye ni nesi) alikuwa anasafiri ng'ambo Jumanne kwa mkataba wa miaka miwili. Ngurario ilikuwa Jumamosi. Kwa hivyo ilikuwa ni leo, ama ndugu yangu angoje miaka miwili, na mama yetu, ambaye alikuwa ameshona nguo mara mbili na kuirudisha sandukuni mara mbili, naye angoje pia.

Tukateremka Mwea, kwao Wambui, asubuhi, watu wa baridi sisi, tumevaa suti na masweta, na jua la huko halikujali tumetoka wapi. Mbuzi wakachinjwa, wakachomwa, na karibu saa saba baba mkubwa wa Wambui, Mzee Munene, mzee mrefu aliyefanya kazi ya buchari maisha yake yote na ndiye alikuwa anaongea kwa niaba ya ukoo wao, akaniita kwa kidole.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiyo, mzee."

"Sawa. Mwalimu anajua kusikia. Hawa vijana wa kuchoma wanadokoa nyama. Chukua hii sinia, ingia kwa store, kaa nayo. Hapa kuna mikono miwili. Ya kulia ni ya bwana harusi. Ya kushoto ni ya akina mama, hiyo hata ikiguswa hakuna maneno. Lakini ya kulia isiguswe na mtu. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Ningeuliza swali moja tu hapo, moja dogo, "Mzee, ya kulia ni gani?", saa hii nisingekuwa nawaambia haya. Lakini mtu anayeitwa Mwalimu Kombe atauliza aje bega la kulia ni gani? Nikabeba sinia yangu na heshima yangu nikaenda.

Store ilikuwa chumba cha magunia ya mchele, kuna kaubaridi kidogo, na mlangoni alikuwa ameketi Cucu Wangari, nyanya yake Wambui, mama yake Mzee Munene, ametolewa kwa tenti kwa sababu ya joto, amewekwa kwa kiti cha plastiki na shuka magotini. Nikamsalimia, akaniombea baraka, nikakaa. Nikaangalia sinia. Mikono miwili imelala sambamba, yote ya hudhurungi, yote inang'aa mafuta, na katikati kuna kisu kipya kimefungwa utepe mwekundu (utepe, jamani, nani hufunga kisu cha kawaida utepe?). Nikapiga hesabu yangu ya uwanjani: mimi kila jioni nasimama nikiwaangalia wasichana uso kwa uso, kwa hivyo mkono wao wa kulia unakuwa upande wangu wa kushoto. Basi ya bwana harusi ni hii ya upande wangu wa kushoto. Kumbe Mzee Munene alikuwa amezipanga kama mtu wa buchari aliyesimama nyuma ya mbuzi wake, na ya kulia ilikuwa tu kulia, mahali ambapo hata mtoto wa nasari angesema iko.

Inzi akaja. Cucu akainua mkono kumfukuza, akasema "Ui!" akaurudisha chini.

Mimi masikio yakasimama. "Cucu, bega inauma?"

"Hii bega ilibaki kwa mpunga. Miaka yote hiyo ya kupiga mpunga, unafikiri itabaki nzima?"

"Inauma ukiinua ama ukishusha?"

"Ikiamka inauma, ikilala inauma. Kwani wewe ni daktari?"

"Hapana, cucu. Mimi nafundisha wasichana wa shule kurusha mpira."

Akaniangalia kwa huruma. "Na wanasoma saa ngapi?"

Nikamwomba ruhusa, nikamwekea vidole viwili mgongoni vile nilivyoona yule mama wa Nyeri akifanya, nikamwambia ainue mkono polepole, na kweli kombe lilikuwa limekwama, haliendi popote. Nikamweleza yote, mbavu, kuteleza, kushikilia, nikamtaja mpaka Muthoni na ukuta. Cucu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kitu cha maana kuliko vyote nilivyosema mimi.

"Sasa mimi nitaonaje mgongo yangu?"

Na hapo mbele yetu, kwenye sinia, kulikuwa na bega.

Nikajiambia, hii ya akina mama ikiguswa hakuna maneno. Nikaichukua ile ya upande wangu wa kulia. Nikamwonyesha vile mkono wa mbuzi unazunguka, nikamwambia mbuzi hana hata ule mfupa wa mbele karibu na shingo, mkono wake mzima umeshikwa mwilini na nyama tu, kwa hivyo ukitaka kuona kazi ya kombe, mwangalie mbuzi. Cucu akainama, akakaza macho.

"Mimi naona nyama."

Haki alikuwa anasema ukweli, nyama ilikuwa imefunika mfupa. Nikachukua kisu. Nikafungua utepe, nikauweka vizuri kando usichafuke (hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo siku hiyo), nikakata kidogo tu pale kwenye kiungo, lakini ile nyama ilikuwa imechomwa na watu wanaojua, ilikuwa laini, nikasikia "tak!" na mkono ukaachana na kombe, nikabaki na mmoja huku na lingine huku. Nikasema si kitu, sasa ndiyo ataona vizuri. Na akaona! Nikamwonyesha kile kikombe kidogo ambamo mfupa wa mkono unakaa, na ule ukingo uliosimama katikati ya kombe ambao misuli inashikilia, na cucu akawa anasema "Ĩĩ, ĩĩ," anajigusa bega lake, sijawahi kupata mwanafunzi kama yule.

"Sasa nimeelewa," akasema. "Na hiyo nyama imening'inia hapo ni ya nani?"

"Ni ya akina mama."

"Na mimi ni baba?"

Nikamkatia kipande, nikampa kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Akala. Akafumba macho akitafuna na yale meno yake machache, na mimi nikaona nimefanya jambo jema sana siku hiyo.

Ningeacha hapo! Lakini cucu akauliza, "Na hao wasichana wako wanarusha aje?" Nikasimama. Nikashika lile kombe, nikatanguliza mguu kama mrushaji, nikauzungusha mkono wangu wote, mbele, juu, nyuma, nikisema "Unaona cucu, sasa hapa juu kombe linapanda, hapa linashikilia, halafu..." na kwa sababu mfupa wenyewe ulikuwa na mafuta na mimi kombe langu siku hiyo lilikuwa linafanya kazi barabara kabisa, ule mfupa ukatoka mkononi, ukapita mlangoni, ukapita uani, ukaingia ndani ya tenti ya wazee na kutua mezani mbele ya Mzee Munene, katikati ya glasi. Nimefundisha softiboli miaka sita na sijawahi kurusha kitu kikanyooka namna hiyo.

Na ilikuwa wakati ule ule MC ameshika maikrofoni anasema, "Sasa tunaomba kiande iletwe."

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi, wakidhani ni mtindo mpya wa watu wa Nyeri. Mzee Munene hakucheka. Akauchukua ule mfupa, akapitisha kidole gumba juu ya ukingo wake, akaugeuza mara moja tu. Mimi nilikuwa nimeshafika mbio, mikono inachuruzika mafuta.

"Hii ni ya kulia," akasema.

"Hapana mzee, hiyo ni ya kushoto." (Ndiyo, nilibishana na mtu wa buchari kuhusu mbuzi.)

"Mwalimu. Mimi nimeanza kuchinja wewe hujazaliwa. Hii ni ya kulia. Iliyobaki iko wapi?"

Kabla sijajibu, cucu akatokea nyuma yangu, anatembea polepole na mkongojo, bado anatafuna, akasema kwa sauti ambayo maikrofoni iliichukua vizuri, "Nyama ni tamu. Huyu kijana ndiye amenikatia."

Shangazi mmoja wa kwao, aliyekuwa amengoja siku nzima kupiga vigelegele, akasikia tu "amenikatia" akaachilia vigelegele vyote. Vijana wakaanguka kwa viti wakicheka. "Ameoa cucu! Mwalimu ameoa cucu!" Nikatafuta ardhi ipasuke, ardhi ya Mwea ilikuwa ngumu siku hiyo.

Halafu kicheko kikaisha, kwa sababu wazee walikuwa wamesimama wote pamoja wakaenda nyuma ya nyumba kushauriana, na wazee wakienda nyuma ya nyumba hakuna anayecheka. Nikamwona mama yangu amekaa kiti cha mbele na ile nguo yake, ameinamisha kichwa anakunja na kukunjua kitambaa. Nikamwona Kariuki. Hakunitukana, angenitukana ningepumua. Wambui ndiye alikuja mpaka nilipokuwa, na lile vazi lake na shanga zake, akaniambia polepole tu, "Shemeji, mimi Jumanne naenda." Akarudi kukaa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuona, aibu ya mtu aliyechukua kitu cha wengine akachezea.

Wazee wakarudi. Mzee Munene akasema kiande haikatwi mara mbili, na ya kushoto haiwezi kusimama mahali pa ya kulia, na mbuzi wa kiande lazima aletwe na upande wa bwana harusi, na wote tulioleta walikuwa wameshachinjwa na kukatwakatwa, na siku hiyo hakuna soko. "Kwa hivyo," akasema, na nikaona anaangalia chini, naye haikuwa inamfurahisha, "tutakutana tena Wambui akirudi."

Nikapiga magoti. Suti na yote, kwa nyasi, mbele ya watu. Nikasema mzee, makosa ni yangu, niadhibu mimi, usimwadhibu Kariuki, nitatembea mpaka Embu nitafute mbuzi. Akaniambia niinuke. Sikuinuka.

"Nipeni hiyo kitu ya kuongea," akasema cucu.

MC akampa maikrofoni. Akaishika mbali kama mwiko wa moto.

"Nani alikula kiande?" akauliza. "Ni mimi. Na nani alinikatia? Ni huyu amepiga magoti. Kwa hivyo hapa leo kulikuwa na harusi mbili. Yangu imeisha, mmesikia vigelegele, sasa tunangoja ya Wambui. Na bwana yangu mnaona vile yuko, amekuja mikono mitupu, ana suti tu. Mimi siwezi kuaibishwa na bwana yangu mbele ya wageni. Nitamtolea mbuzi." Akageuka. "Munene, wewe ni mtoto yangu. Enda ulete ile dume yangu nyeusi."

"Maitu," akamwambia mama yake, "ile dume ulisema..."

"Nilisema haiguswi. Sasa nimesema iguswe."

Ile dume, niliambiwa baadaye, alikuwa anailisha maganda ya ndizi kwa mkono wake mwenyewe, na mjukuu aliyewahi kuitania alifukuzwa bomani wiki nzima. Mzee Munene akasimama pale akimwangalia mama yake, mdomo ukaanza kumcheza, akajikaza, ikashindikana, akacheka mpaka akatoa kofia. Akaenda kuileta mwenyewe.

Mimi nikapewa adhabu yangu: kukaa karibu na bibi yangu, nimshikie mwavuli, mikono yote miwili ikionekana. Nikakaa hivyo saa mbili na zaidi. Vijana wakipita wananiamkua "Shikamoo, guka," yaani babu, na mashangazi wananiuliza kama nimemjengea cucu nyumba ama tutakaa kwake. Cucu alilala begani kwangu karibu muda wote huo, na mimi sikulisogeza, hata lilipokufa ganzi.

Saa kumi na nusu, Kariuki akapewa kisu. Nilikuwa mbali, sikuruhusiwa hata kukaribia kamba ya tenti, nikaona tu mgongo wake, na mabega yake yanapambana na kisu, kisha nikaona Wambui amefungua mdomo, na vigelegele vikapanda, vya ukweli sasa, na mama yangu akasimama akacheza, mama ambaye hachezi. Nikalia. Cucu akaamka akaniuliza ni nani amekufa.

Jioni tukiwa tunapakia viti, Kariuki akaja akakaa karibu nami kwenye gunia, mikono bado ina mafuta, ana kipande cha nyama kwenye karatasi. Hakuwa ameniongelesha tangu mchana. Akatafuna, akapangusa mdomo, akaniangalia kwa upande.

"Wee," akasema. "Pale kwa kukata nilitafuta kiungo nikakosa, kisu ikagonga mfupa, Munene ndiye alinisongezea mkono. Hebu niambie. Hiyo kombe hukaa aje?"

Nyinyi mnanijua. Mnajua nilikuwa na maneno ya kujaza lori. Nilihisi mikono yenyewe inainuka kumwonyesha, na nyama ilikuwa pale pale kwenye karatasi, na nikaiweka mikono mfukoni, yote miwili.

"Kula nyama, Kariuki," nikamwambia. "Mimi sijui."

Na tangu siku hiyo, nikiwa kwenye sherehe ya mtu, sijui.